Bana Shimo

Picha ya kwanza ya ziwa la Kwemazi ilikuwa mbaya. Ingekuwa mbaya tu, ikalala kabatini kama picha nyingine mbaya, hakuna ambaye angekosa chakula kwa ajili yake. Lakini ile ilikuwa na miguu. Ilitoka studio ya Tobia pale Lushoto, ikapanda ngazi za boma, ikakaa mezani kwa bwana shamba, Mwingereza, naye akaiwekea kidole akasema, "Hili ndilo ziwa lenyewe? Hiki ni kinamasi. Kikaushwe, palimwe."

Tobia alipoagizwa picha alidhani inatakiwa ya kupamba ukuta. Akaenda saa sita mchana, jua la utosi, akasimama barabarani juu kabisa ili asichafue viatu, akapiga. Ikatoka mbingu nyeupe, mlima mweupe, na katikati kitu kama sahani iliyoliwa uji na haijaoshwa. Mstari wa ng'ambo aliupitisha katikati kabisa, utadhani anagawana mkate na mdogo wake. Mbele hakuna mti, hakuna mtu, hakuna chochote cha kumwambia mtazamaji kama yale maji yana upana wa mashamba kumi au wa beseni.

Aliyemletea habari ni Kristofa, karani wa boma, ambaye alisoma naye Bumbuli na kumwibia penseli tangu wakati huo.

"Wakubwa wa Tanga wanakutana Jumamosi," Kristofa alisema. "Ziwa hawajaliona, na hawatakuja kuliona, barabara ile itawavunja viuno. Watatazama picha. Picha yako! Kesho alasiri gari la barua linateremka Tanga. Ukiniletea nyingine kabla halijaondoka, naiweka juu ya ile. Usipoleta, Jumatatu mtaro unachimbwa na maji yanaenda zake nyikani."

"Mtaro?"

"Vigingi vimeshapigwa, bwana. Kwani huendi ukweni?"

Tobia akaifuata kamera yake hapo hapo. Maana Kwemazi ndiko ukweni. Mama mkwe wake, Rahabu, ana kabichi zake palepale ukingoni, na bustani zote za chini, za Waislamu na za Wakristo, zinakunywa ziwa hilo hilo. Mwaka ule mvua ilikuwa imechelewa, chemchemi za juu zimekauka, na watu wamechoka kulimishwa matuta kwa amri. Na ziwa nalo waondolewe? Kwa picha ya mkwe wao?

Paskalina, mkewe, alimfungia mihogo ya kuchemsha kwenye jani la mgomba, akamkabidhi na maneno mafupi: "Usipoipata hiyo picha, mimi kwa mama siendi tena. Utaenda wewe ukamweleze."

*

Kulipopambazuka Tobia alikuwa keshafika, kamera mgongoni. Ilikuwa kamera ya mbao ya miguu mitatu, yenye ngozi inayokunjika kama kinanda cha kanisani, iliyoachwa Bumbuli na mmisionari mmoja wa Kijerumani. Ukitaka kutazama unajifunika kitambaa cheusi, unaangalia kioo cha ukungu kilicho nyuma. Ukisharidhika, unakitoa kioo hicho, unaweka pale kijisanduku chenye kioo cha dawa, ambacho mwanga ukikigusa kabla ya wakati kimeharibika, unafungua kifuniko cha mbele, unahesabu, unafunga. Vioo vya dawa vilikuwa vimebaki viwili. Vingine vilikuwa Mombasa, njiani, kama vilivyokuwa njiani tangu Pasaka.

Safari hii hakusimama barabarani. Alivua viatu. Aliteremka mpaka ukingoni, na kila alipoteremka ziwa likawa linakua, mpaka alipolala tumbo likiwa kwenye tope likawa limekua kama bahari. Wala si uongo. Ndivyo chura anavyoliona kila siku na hajawahi kushtakiwa.

Fundi wake wa Tanga, Mhindi mmoja aliyezeekea kwenye chumba cha giza, alimfundisha kazi kwa Kiswahili chake cha kukatakata, na Tobia akaibeba hivyo hivyo kama wimbo: *Shuka chini. Weka kitu mbele. Ngoja upepo. Bana shimo.* Shimo ni lile tundu la kamera linaloingiza mwanga. Ukiliacha wazi, kilicho mbele kinatoka safi na mlima unakuwa uji. Ukilibana likawa dogo kama jicho la sindano, vyote vinatoka vikali, jani la mbele mpaka mti wa ng'ambo. Ila mwanga nao unaingia kidogo, kwa hiyo unafungua muda mrefu, na muda wote huo dunia itulie. Jani likitikisika, umepiga moshi.

Na Kwemazi haitulii. Jua likishagusa kilele cha ng'ambo, upepo wa nyikani unapanda bondeni, na ziwa lote linakunjamana kama shuka la mgonjwa. Alikuwa na kipande kidogo tu cha asubuhi.

Akajaribu kwenye matete. Matete yakakata picha vipandevipande. Akajaribu kwenye mwamba; mwamba ukakaa mbele kama ng'ombe aliyegoma. Mwisho akarudi nyuma hadi kwenye bustani, akateremsha miguu ya kamera mpaka ikakaribia kuchuchumaa, na hapo, chini ya kitambaa, akaona: mistari ya kabichi inatoka miguuni kwake inakwenda majini, inamshika mtazamaji mkono inampeleka. Maji yakachukua sehemu kubwa, mstari wa ng'ambo akaupandisha juu. Mlima ukajilaza ndani ya ziwa wote mzima. Vigingi vya mtaro, vilivyopakwa chokaa, akavisukumia nje kwa kuipindisha kamera kidogo. Akavisha jicho la kamera kioo cha njano, ili mawingu yasipotee kama mara ile.

Ikawa nzuri, na bado kuna kitu hakipo. Alikijua kuwa hakipo, hakukijua ni nini.

"Kabichi," sauti ikasema nyuma yake, "naona mtu kainama, kanielekezea makalio asubuhi yote hii. Hebu muulize, kwao ndivyo wanavyoamkia wakwe?"

Tobia alitoka kwenye kitambaa kama panya aliyemwagiwa maji ya moto. Mama mkwe alikuwa amesimama na debe, khanga kaivuta mpaka puani, uso kaugeuzia bustani. Nyumba ile walikuwa wanaoneana haya ya zamani: mkwe na mkwe hawatazamani, hawapeani mkono, hawali chungu kimoja. Wakitaka kusemezana, wanatafuta wa katikati. Kama mtu hayupo, kuku anafaa. Kama kuku hayupo, kabichi.

"Shikamoo mama," Tobia aliyaambia matete.

"Marahaba. Kabichi, mwambie nimeitikia. Sasa muulize, ile picha ya kwanza ilikuwa ya nini? Maana haijapita hata wiki tukaletewa vigingi."

"Kabichi, mwambie mama ile niliiharibu. Iliwaonyesha tope. Leo nimekuja kuwaonyesha maji. Ikifika Tanga leo, mtaro haupo. Na mwambie namwomba sana, asichote hapa kwa sasa. Maji yakitikisika nimekwisha."

Rahabu akaiinamia kabichi moja. "Kabichi, umesikia? Leo hunywi mpaka bwana picha amalize. Usipofunga kichwa vizuri, mlaumu yeye."

Akaweka debe chini, akakaa juu yake, mgongo kwa mkwewe. Tobia akarudi kitambaani, akaanza wimbo wake. "Shuka chini... nimeshuka. Weka kitu mbele... kabichi. Ngoja upepo... umelala. Haya. Bana shi..."

Kidole kikateleza kwenye chuma, akavuta pumzi. "...mo."

Hiyo pumzi ndiyo iliyomponza.

*

Kwa Kishambaa, *kubana shi* ni kuiharibu nchi. Ni kuifunga mvua, kuleta njaa, kuyafukuza maji. Si neno la mzaha. Watu wamewahi kuhamishwa makwao kwa neno hilo, na mwaka ule wa matuta lilikuwa linanong'onwa kila sokoni: nani anaibana shi? Tobia alilijua vizuri, kazaliwa nalo. Ila shimo lake lilikuwa la Kiswahili, la Tanga, la kazini, na maneno hayo mawili hayakuwahi kukutana kichwani mwake.

Yalikutana masikioni mwa Shabani.

Shabani alikuwa na vitunguu upande wa pili, mtu mrefu mwenye kofia nyeupe ya kushonwa kwa mkono na sauti inayovuka ziwa bila mtumbwi. Alikuwa anapita ukingoni na wenzake, majembe mabegani. Asubuhi haina upepo, na juu ya maji sauti inatembea. Akasimama.

"Wee mgosi! Umesema nini hapo?"

"Onga makeo, Shabani," Tobia akamwamkia.

"Makeo yako kaa nayo. Umesema nini?"

"Nimesema bana shimo."

"Mmemsikia?" Shabani aliwageukia wenzake. "Kasema. Kwa mdomo wake."

"Shimo! Shi-mo! Tundu! Tundu la kamera, naliminya!"

"Sasa hivi lina *mo*. Mwanzo halikuwa na *mo*."

"Lilikuwa nayo! Ilichelewa!"

Wakamzunguka. Hawakukimbia, hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Tobia. Mwanamke mmoja akasema polepole, kama anayeanua nguo, kwamba tangu picha ya kwanza ipigwe mvua inafika kileleni, inachungulia, inageuka. Mwingine akaonyesha ukingo: mwezi uliopita maji yalikuwa kwenye lile jiwe, leo jiwe liko nchi kavu. Nani kalisogeza jiwe?

"Na nguo nyeusi ya nini?" mzee mmoja akauliza. "Msafi hujifunika kitu gani?"

"Ni kwa ajili ya mwanga, baba. Tazama mwenyewe, hakuna siri."

Hilo lilikuwa kosa. Aliyeingia kitambaani ni Shabani, na fundi yule wa Tanga alikuwa amesahau kuweka kwenye wimbo jambo moja: kamera ile inaonyesha kila kitu kichwa chini, miguu juu.

Walimwona Shabani akiganda. Walimwona akishika magoti. Akatoka uso umekuwa wa majivu.

"Kalipindua."

"Nini?"

"Ziwa! Liko juu! Mlima unaning'inia, mbingu iko chini, na mazi, maji yetu, yako juu kama chungu kilichofunikwa kikauke. Kalimwaga! Kalifunika kama chungu!"

Sasa kelele zikaja. Mtu akamvuta Tobia ukosi. Shabani akaokota kijisanduku kilichokuwa kwenye majani, akakitikisa, "Na humu mna nini?" na kabla Tobia hajasema "Usifungue," kikawa wazi. Ndani kulikuwa na kioo kimoja kisafi, cheupe kama maziwa, kinachotazama jua kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

"Hamna kitu," Shabani alisema.

"Sasa hamna," Tobia alisema.

Kilikuwa kimebaki kimoja, ndani ya koti, kwapani. Akakibana kwa mkono, na neno hilo hilo, kubana, likamjia kichwani akaliogopa.

Watu wawili wakaiinua kamera. Miguu yake mitatu ilining'inia kama ya mbuzi anayepelekwa kuchinjwa. Wakaanza kwenda nayo majini.

*

"Kabichi!"

Wote wakasimama. Rahabu alikuwa ameinuka kutoka kwenye debe lake.

"Kabichi, waambie hao waiweke chini."

"Mama Rahabu, usiingilie," Shabani akasema, akishusha sauti kidogo maana alimheshimu. "Huyu ni mkweo."

"Ndiyo maana naingilia. Akiibana shi, wa kwanza kufa njaa ni nani? Vitunguu vyako vina mfereji wake. Mimi sina ila hapa." Akaivuta khanga. "Nitatazama mwenyewe."

Pakawa na mguno. Mwanamke yule wa mvua akasema, "Utaingia kwenye nguo aliyotoka mkweo? Ina joto lake bado!"

"Basi ipungeni ipoe. Na yeye aende kule kwenye matete atazame ng'ambo. Mtakuwa mashahidi nyote. Nikiona ziwa limemwagika, itoseni kamera, na mimi mwenyewe nitamrudisha binti yangu nyumbani. Nikiona halijamwagika, aachwe afanye kazi yake."

Tobia akaenda kwenye matete, akawapa mgongo. Hakuona kitu. Alisikia miguu ya kamera ikikanyagishwa tope, kitambaa kikipungwa mara tatu kwa fujo, kisha kimya. Kwenye kilele cha ng'ambo jua lilikuwa limeweka kidoti cha dhahabu. Nywele za shingoni kwake zikasogea. Upepo? Bado. Labda woga.

"Limepinduka," Rahabu alisema ndani ya kitambaa.

Watu wakalia kama msibani. Tobia akafumba macho.

"Nyamazeni, sijamaliza. Shabani, nenda kasimame majini."

"Mimi?"

"Unaogopa mazi au unaogopa kamera?"

Hilo lilisemwa mbele ya watu, kwa hiyo Shabani hakuwa na njia. Tobia alisikia maji yakipasuka, mguu baada ya mguu, na Shabani akivuta hewa kwa meno kwa ule ubaridi.

"Zidi," alisema Rahabu. "Zidi. Zidi, bwana, mbona unaenda kama bi harusi? Hapo. Haya. Kofia yako iko wapi?"

"Kofia? Iko kichwani."

"Ishike uhakikishe."

"Nimeishika. Ipo."

"Umeibandika kwa nini? Utomvu?"

"Nimeivaa tu kama watu wanavyovaa!"

"Basi njooni mniambie," Rahabu alisema, na sauti yake sasa ilikuwa na kitu kinachotikisika. "Hapa namwona Shabani kichwa chini kama popo. Kabisa. Kidevu juu, utosi chini. Na kofia haidondoki. Dunia ingepinduka kweli, ya kwanza kuanguka si ingekuwa kofia? Kama kofia ya Shabani imekaa, na mazi yamekaa. Kimepinduka kioo, shi haijapinduka."

Watu wakaanza kupiga hesabu. Kisha mzee yule wa nguo nyeusi akasema, "Hebu nami nione huyo popo." Akaingia. Kikatoka kicheko kitambaani, kicheko cha kikohozi, na baada ya hapo kila mtu akataka. "Sukuma!" "Ngoja zamu!" "Jamani, kofia imenata kwenye mbingu!" Na Shabani huko majini anauliza, "Mnacheka nini? Mnacheka nini nyie?"

Tobia hakuvumilia. Akageuka.

Akakiona kile kilichokuwa hakipo.

Shabani alikuwa amesimama kifuani mwa ziwa. Maji yalikuwa yamemfika chini ya kwapa, duara alizozitikisa zinakufa moja moja, na mlima ulikuwa unarudi kujilaza pembeni yake. Mtu mrefu kuliko wote Kwemazi, na maji yamemmeza nusu, na bado ng'ambo iko mbali. Asingehitaji kuandika chochote chini ya picha hiyo. Nani amewahi kuona kinamasi kinachomfika mtu kifuani?

"Shabani!" alipiga kelele. "Usitoke! Nakuomba, usitoke!"

"Nini tena? Maji ya barafu haya!"

"Baki hapo hapo! Ukibaki, mtaro hauchimbwi!"

Akakimbia. Na akiwa anakimbia akaiona ng'ambo, chini kabisa ya mlima: mstari mweusi juu ya maji, mwembamba kama uzi. Upepo wa nyikani ulikuwa umefika, na ulikuwa unavuka.

"Tokeni! Tokeni, zamu zimekwisha!"

"Mimi sijaona!" mwanamke wa mvua akalalamika.

"Utaona kwenye karatasi, dada, naapa!"

Kamera ilikuwa imerudishwa ovyo. Akaipiga teke mguu mmoja, akalala, akajifunika. Kigingi cheupe kimeingia pembeni; akakitoa. Shabani yuko katikati kama mshumaa wa madhabahuni. Akaipeleka kamera kushoto mpaka Shabani akakaa pembeni, pale mistari ya kabichi ilipokuwa inaelekeza. Akavuta ngozi ya kamera mpaka mishipa ya jani la mbele ikaonekana. Mkono ukaenda kwenye chuma cha tundu.

"Bana shi..." ulimi ukasema wenyewe, kwa mazoea, na ukakwama.

Watu wote wakamgeukia. Mstari mweusi umekuwa mnene kama kamba.

"Kabichi," Rahabu akasema bila kugeuka, "mwambie amalizie neno. Watu wana kazi."

"Mo!" akapaza mzee.

"MO!" wakaitikia wote, kama wanaotwanga.

Akabana. Akatoa kioo cha ukungu, akachomoa kijisanduku kwapani, cha moto kama mkate, akakiweka. "Shabani! Sasa usitikisike! Usipumue!"

"Kwa muda gani?"

"Usijibu!"

Akafungua kifuniko. Akaanza kuhesabu kwa sauti, na watu wakahesabu naye, wengine kwa Kiswahili, wengine kwa Kishambaa, hawakulingana. Kamba ikafika nusu ya ziwa. Mlima ndani ya maji ukaanza kukatwa mguu, upande wa mbali kabisa. Kabichi hazijatikisika. Shabani alikuwa amekakamaa kama nguzo ya simu, midomo imekuwa ya bluu, na Tobia aliona pua yake ikianza kukunjana, akajua kinachokuja, akamwomba Mungu wa Bumbuli na wa Shabani kwa pamoja.

Chafya ilitoka kama bunduki.

Tobia akafunga kifuniko. Upepo ukafika. Ziwa lote likakunjamana, kabichi zikainamiana, kofia ya Shabani ikang'oka ikaenda majini.

"Sasa ndiyo imedondoka!" mtu akapiga kelele, na Shabani, akitetemeka, akaifuata kofia yake akitukana kila kitu kilichotengenezwa na Mjerumani.

"Imepata?" watu wakauliza. "Imetoka?"

"Sijui," Tobia alisema. Na hakujua kweli, njia nzima mpaka Lushoto hakujua, kijisanduku kimefungwa ndani ya shuka, na yeye anatembea kama aliyebeba mayai ya mtu mwingine.

*

Kristofa alikuwa anabishana na dereva wa gari la barua, mguu mmoja kauweka ndani ili gari lisiondoke, Tobia alipofika na karatasi bado ina maji. Wakaitazama wote watatu.

Haikuwa safi yote. Upepo ulikuwa umepiga mswaki ukingo wa mbali, na kutoka mabegani kwenda juu Shabani alikuwa moshi. Chafya ilikuwa imemfuta. Lakini kabichi ya mbele ungeweza kuhesabu mishipa yake. Mawingu yalikuwepo. Milima ilikuwa miwili, mmoja juu na mmoja majini. Na pale maji yalipokikata kile kifua, palikuwa pakali kama wembe.

"Huyu mtu hana kichwa," Kristofa alisema.

"Ana kifua. Peleka."

Jumamosi ikapita. Jumatatu watu wa Kwemazi waliamka na kukaa barabarani, hakuna aliyekwenda shambani, wanasikiliza kama kuna gari la wachimba mtaro. Shabani alikuwepo na mafua. Tobia alikuwepo, upande mwingine wa barabara na mama mkwe wake. Jua likapanda, likakaa utosini, mahali palepale lilipokuwa siku ya picha mbaya. Halikuja gari. Ilikuja baiskeli, na juu yake Kristofa, anahema.

Alikunywa maji kwanza, kwa makusudi, mpaka wakataka kumpiga.

"Wamezibishania zile mbili," akasema mwishoni. "Bwana shamba kasema ni kinamasi. Basi mkubwa mmoja akachukua ile ya Tobia, akauliza, huyu mtu kasimama juu ya nini? Wakamwambia hakusimama juu ya kitu, kasimama ndani ya ziwa. Akasema, basi, mmeshajijibu. Mtaro hakuna."

Mwanamke wa mvua akapiga kigelegele. Mvua yenyewe haikuja siku ile, wala wiki ile. Lakini ziwa lilikuwepo.

"Na kichwa changu?" Shabani akauliza. "Kwamba Tanga yote sasa inanijua kwa kifua?"

"Ungezuia chafya, mgosi."

"Utanipiga nyingine. Nikiwa mkavu!"

Walipoteremka ukingoni walimkuta Rahabu keshatangulia. Alikuwa anang'oa vigingi, kimoja kimoja, anagonga tope dhidi ya mguu wake, anavipanga begani. Maharage yake yalikuwa yanatafuta kitu cha kupandia. Aliposikia nyayo akavuta khanga puani, akageukia bustani.

"Kabichi," alisema, "mwambie mkwe wangu kazi yake nimeiona. Akija tena kupiga, aniambie mapema nivae khanga mpya." Akang'oa kigingi kingine. "Na akiinama, ainamie kule."